Jokofu Nalo Lataka Matunzo

Husemwa majumbani kwamba jokofu hutengeneza baridi. Usemi huo umezoeleka, lakini mafundi hawaukubali. Jokofu ni pampu ya joto. Hulitoa joto lililomo katika maziwa, samaki na maji ya kunywa, na kulimwaga chumbani kupitia mabomba membamba yaliyo nyuma au ubavuni mwake. Huko Ulaya hutumia mtambo wa asili hiyo hiyo kuvuta joto la nje na kulileta ndani wakati wa majira ya baridi. Sisi wa Kasese na Bwera, ambao Ikweta yatupitia karibu na Kikorongo, hatuna haja ya kupashwa joto. Pampu yetu ni ile ya jikoni, nayo hutumika usiku na mchana mwaka mzima.

Basi joto likikosa njia ya kutokea, mtambo hujichosha bure. Katika nyumba za askari, ambamo chumba kimoja ni jiko na sebule pia, jokofu husukumwa hadi ukutani, likatwikwa masanduku juu, na sigiri ikawashwa kando yake. Yafaa kuliachia upana wa kiganja nyuma, na kuiweka sigiri mbali. Kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi, chomoa waya ukutani kisha uondoe vumbi kwa brashi laini. Na anayekusudia kununua jokofu jipya asome kibandiko kilichomo ndani: herufi T yamaanisha kwamba limeundwa kustahimili joto la chumba hadi nyuzi 43, ilhali lenye N mwisho wake ni nyuzi 32. Mchana wa Kasese huzifikia nyuzi hizo bila taabu.

Raba ya mlango hupimwa kwa noti ya shilingi elfu moja. Ifungie mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kisha uivute. Ikichomoka bila kushikwa, hewa ya moto yaingia hapo. Aghalabu huwa ni uchafu tu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Barafu nayo, ifikapo unene wa milimita tano, iyeyushwe kwa kuzima mtambo na kuacha mlango wazi. Kisu kisikaribie kabisa! Chini ya barafu hiyo mna bomba la gesi, na tundu moja la ncha ya kisu latosha kuliua jokofu zima.

Umeme ukikatika, usiufungue mlango ovyo. Chakula cha ndani hukaa salama kadiri ya saa nne. Urudipo, usiliwashe jokofu papo hapo. Kompresa iliyosimama ghafula huwa na shinikizo la gesi kichwani, nayo yahitaji dakika tano hivi kutulia. Kile kidude cha kulinda friji, kichomekwacho ukutani, huhesabu dakika hizo chenyewe, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kompresa. Mwenye kuhifadhi insulini ya mgonjwa wa sukari azingatie kwamba dawa hiyo yataka nyuzi 2 hadi 8. Isiwekwe karibu na barafu, kwa kuwa ikiganda imekwisha kuharibika, hata kama yaonekana safi.

Sasa tuje kwenye uhamisho, jambo ambalo familia za polisi na za wanajeshi zalijua kuliko raia. Amri imefika, lori liko mlangoni, na jokofu hulazwa chini ya magodoro kutoka Bwera hadi Moroto. Ndani ya kompresa mna mafuta, nayo jokofu likilazwa humwagikia mabombani. Lisafirishwe wima, tupu, kavu, mlango ukifungwa kwa kamba juu ya kitambaa. Ikiwa hapana budi kulilaza, lisimamishwe usiku mzima kabla ya kuwashwa. Najua watoto watadai maji baridi jioni ile ile, wasubiri.

Kuhusu gesi, hapa ndipo mishahara mingi hupotea. Gesi ya jokofu hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na jokofu zima laweza kumaliza miaka yake yote kwa gesi ile ile ya kiwandani. Fundi ajaye kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta panapovuja anakuuzia upepo. Mwulize: tundu liko wapi, na umeliziba kwa nini? Zaidi ya hayo, majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Asiichomelee bomba chumbani, wala pasiwe na sigara au sigiri karibu. Gesi ya R134a haiwaki hivyo, lakini huzidisha joto la dunia, nayo ni miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.

Waliofikiwa na mafuriko ya mto Nyamwamba, Mei 2013 na tena Mei 2020, wanajua tope lilivyoingia majumbani. Jokofu lililolowa hivyo halichomekwi ukutani mpaka fundi wa umeme alifungue na kulikausha.

Hatimaye lipo jokofu bovu, lile liachwalo nyuma ya nyumba kambini likingoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huyo hutaka mabomba ya shaba tu, na akiyakata gesi yote hutoka hewani. Lakini hatari kubwa ni watoto wachezao kujificha. Mlango ukijifunga, hewa ya ndani huisha upesi, na kelele za mtoto hazisikiki nje. Bwana mwenye nyumba, chukua bisibisi leo, ukaung'oe mlango huo.