Sentimita 21 Zilizokula Bumu Langu

Wanachuo wenzangu, hasa mnaosoma ualimu wa Fizikia na Hisabati kama mimi: hesabu za rezonansi tumezifanya mpaka tumechoka. Mimi nilizifaulu vizuri tu. Na bado niliua spika yangu mwenyewe kwa mikono yangu.

Ilikuwa hivi. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Bagamoyo na salio la bumu, nikanunua spika ya inchi 10 nitengeneze sabufa. Boksi nikaliunda kwa MDF, ujazo wa ndani lita 50. Ilipofika zamu ya bomba la hewa, nikafanya kama nilivyoona kwenye masabufa ya mtaani: nikachukua bomba la PVC la inchi 4, nikakata sentimita 10, nikalichomeka. Nani alisema 10? Hakuna. Ndivyo linavyokatwaga.

Likapigwa kwenye shughuli ya jirani. Singeli ilipokolea, noti moja ya besi ikawa inaunguruma kuliko zote, kila wimbo ukawa kama uleule. Ikija besi ya chini zaidi, koni inarukaruka kama chura na sauti huisikii. Saa tano usiku ikagonga ka-ka-ka, ikazima.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Magomeni, Bagamoyo hapahapa. Alilitazama boksi kabla ya kuigusa spika. “Mwalimu,” akaniita, maana ndilo jina langu mtaani tangu nichaguliwe chuo, “hili bomba ulipimia nini?” Nikakosa jibu. “Bomba la boksi la mwenzio si la boksi lako, mdogo wangu. Koili imeungua.”

Nikaenda nyumbani na aibu yangu, nikafungua daftari la mwaka wa kwanza. Jibu lilikuwemo muda wote. Hewa iliyo ndani ya bomba ni mzigo. Hewa iliyo ndani ya boksi ni springi. Mzigo na springi vina masafa yao ya kutikisika, na bomba husaidia besi kwenye masafa hayo. Ni kanuni ileile ya kupuliza mdomo wa chupa ya soda. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza karne ya 19, na mwaka 1932 Albert Thuras wa Bell Labs, Marekani, akapewa hataza ya boksi la spika lenye tundu la namna hii.

Hesabu yenyewe: chukua eneo la mdomo wa bomba, gawanya kwa ujazo wa boksi uliozidishwa na urefu wa bomba. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mwendo wa sauti, gawanya kwa pai mbili. Kwenye urefu ongeza kama robo tatu ya kipenyo, kwa sababu hewa iliyo nje kidogo ya ncha za bomba nayo inatikisika. Boksi langu lilitoka hezi 52 hivi. Nilitaka 35. Kwa 35, bomba lilitakiwa liwe sentimita 31! Chini ya masafa ya bomba, hewa inapita tu, springi haiizuii tena koni. Ndiyo maana ilirukaruka mpaka ikafa.

Fundi alipoweka koili mpya tukalifanya upya pamoja. Mimi nilileta hesabu, yeye akaleta ujuzi. Anza na bomba refu, maana refu hukatwa, fupi halirefuki. Usikimbilie bomba jembamba: la inchi 3 lingehitaji sentimita 16 tu, lakini ukiongeza sauti, hewa inapita kwa kasi na kupiga mluzi. Kati ya ncha ya ndani na ukuta wa nyuma acha angalau nafasi ya kipenyo kimoja. Ikikosekana, weka elbo. Lainisha midomo kwa msasa, ziba pembeni kwa silikoni. MDF ipake rangi hadi ndani, unyevu wa pwani yetu unaivimbisha. Kisha jaribu kwa programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua: pale koni inapotulia huku upepo wa bomba ukiwa mkali, hapo ndipo bomba lilipo.

Sasa hoja yangu. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza rezonansi inatumika wapi. Nilimjibu, “Kwenye mtihani.” Darasa likacheka, nami nikacheka. Leo sicheki. Yule mtoto huenda kwao kuna sabufa, huenda kaka yake ndiye anayekata mabomba kwa mazoea na kuunguza koili za watu.

Najua mtasema shule nyingi hazina maabara. Kweli. Lakini chupa ya soda na maji kidogo haviombi maabara, na kipande cha PVC kinaokotwa kwenye jengo lolote linalojengwa kuanzia Bunju hadi Kiromo. Wala sisemi mafundi wanajua kila kitu. Hesabu ya 31 haikutoka kwao. Ninachosema ni kwamba sisi na wao kila mmoja ameshika nusu, na tunapishana barabarani bila salamu.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke pendekezo moja kitivoni: kabla ya kwenda mazoezini, kila mwalimu mtarajiwa wa sayansi atengeneze kifaa kimoja kwa mkono wake, akipime, na aeleze kwa nini kipimo chake ni hicho. Apewe alama kwa hicho. Kikimharibikia, aharibikiwe hapa chuoni, siyo mbele ya watoto 70 wanaosubiri jibu.

Sabufa langu lipo, linapiga. Mwezi ujao nikienda mazoezini nitabeba lile bomba la sentimita 10.