Kamba si Kisima

Mfugaji wa Waberi, Garissa, atekaye maji kwa jirani hasemi kuwa kisima ni chake kwa sababu kamba ni yake. Dai hilo lingemwaibisha. Lakini katika dawa dai la namna hiyo laweza kuvikwa joho la sheria, likaitwa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine.

Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti wa Maytenus buchananii zilivunwa Milima ya Shimba, zikachunguzwe Marekani kwa ajili ya saratani. Wadigo walikwisha kuujua kwa tiba. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kuwa wametia jeni za mimea katika hamira, ikatoa viini viwili viundavyo vinblastini, dawa ya saratani itokayo katika ua la Madagaska.

Kazi hiyo ni kubwa, na mwenye kamba alipwe kwa kamba yake. Lakini njia ya kuunda dawa ilianza katika mmea. Na aliyeuonyesha mti asigeuzwe mgeni kisimani. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 yataka faida igawanywe kwa haki.

Vijana, someni elimu ya viumbe pamoja na sheria. Asiyejua kusoma hati hudhulumiwa kwa hati.