Leseni ya Fundi wa Kufuli Yamlinda Nani?

Fundi wa kufuli ana uwezo ambao hatumpi hata jirani. Twamwita usiku mlango unapokataa kufunguka, twampa ufunguo wa nyumba achonge mwingine, wala hatumwulizi atokako. Kwa hiyo wananchi wengi wakisikia kwamba kaunti humtoza leseni, hudhani yuko mtu ofisini aliyemchunguza kwa niaba yao. Hakuna.

Tuitazame leseni yenyewe. Tangu mabaraza ya mitaa yalipoanza kutoa kibali kimoja cha biashara, karibu na mwaka 2000, ofisi hutaka kujua mambo machache tu: biashara ni ya namna gani, ni kubwa kiasi gani, iko wapi. Mwombaji akilipa, hupewa karatasi ya kutundika ukutani. Mchonga funguo aghalabu huhesabiwa pamoja na mafundi wengine wadogo, kana kwamba kufungua mlango wa mtu ni sawa na kushona kiatu chake. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, iliondoka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, lakini desturi hii ilivuka salama.

Katiba ya 2010 haina kosa hapa. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linazipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara na pia juu ya uhaki katika biashara. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja. Kaunti zimelishika la kwanza kwa mikono miwili, kwa kuwa lina fedha, na la pili zimeliacha kitabuni.

Na fundi mwenyewe je, amelindwa? Kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, humtia mashakani mtu anayekutwa nje ya makao yake akiwa na vifaa vya kuvunjia nyumba. Fundi anayerudi saa tano usiku kutoka kwa mteja amebeba mfuko wenye vifaa hivyo hivyo. Kama angekuwa na kitambulisho cha kazi chenye picha na nambari, angekuwa na neno la kumwambia polisi. Kibali kilichotundikwa dukani hakimfai kitu barabarani. Hubaki na njia moja, nayo twaijua sote.

Wako watakaosema tuige New York, ambako jiji huchukua alama za vidole za fundi kabla ya kumpa leseni. Wengine watataja Uingereza, ambako kazi hii haihitaji leseni yoyote. Mimi nataka usajili, ila naogopa mkono utakaoutoa. Sisi ni watu tuliowahi kuomba leseni ya kukutana: hadi marekebisho ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji ruhusa ya mkuu wa wilaya, na aghalabu sababu ya kunyimwa ilikuwa siri yake. Nisingependa mchonga funguo naye apelekwe mbele ya kamati ya usalama achujwe.

Kaunti iweke daftari la mafundi wa kufuli lililo wazi kwa kila mkazi, kwa ada isiyozidi gharama ya kitambulisho hicho. Anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 ya Katiba inavyoamuru. Fundi naye aandike jina na nambari ya kitambulisho cha kila anayetaka mlango ufunguliwe. Mtu asiniambie kwamba mafundi wa kando ya barabara hawawezi kuandika. Madeni wanayaandika vizuri sana. Lakini orodha hiyo ya wateja ikae kwa fundi, na polisi akiitaka aje na hati ya mahakama. Wale ambao ofisi zao zilipata kufunguliwa usiku bila kufuli kuvunjwa watanielewa.

Ada hizi hupangwa katika Mswada wa Fedha wa kila kaunti, na Ibara ya 196 yalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mara nyingi tangazo hutolewa, ukumbi ukawa nusu mtupu, na jedwali la ada likapita bila swali. Makanisa yenye kamati za haki na amani yana watu wa kutosha kuujaza ukumbi huo. Wasiende peke yao. Wawachukue mafundi wenyewe, kwa kuwa ndio wanaojua mteja wa kweli huulizwa nini mlangoni, na ndio watakaofukuzwa kwanza kando ya barabara iwapo sheria itaandikwa bila wao.