Tunamlisha Tumbili, Anashiba Panya

Safu: Mji Kasoro Bahari
Na Zuhura Mkude

Hapa Morogoro panya wana ajira. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na, miaka iliyofuata, kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa, akapelekwa Kambodia, mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza, na alipokufa Januari 2022 alikuwa maarufu kuliko madiwani wetu wote. Mafunzo yenyewe hayana uchawi. Panya akinusa kinachotakiwa, analiziwa kidude kinachotoa mlio mfupi, kisha anapewa ndizi iliyopondwa. Akishajua ndizi inapatikana wapi, hasahau.

Mitaani nasi tumefungua chuo chetu, ila wanafunzi wetu ni panya wa darini.

Ukikaa Boma, Kilakala au Kigurunyembe, ambako nyumba zimeegemea mlima, tumbili ni jirani. Saa kumi jioni wanashuka, na wako watu wenye roho nzuri wanaowawekea kiporo juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Watoto wanafurahi, simu zinatolewa, picha zinapigwa. Ila mtazame tumbili anavyokula. Anaumega ugali, nusu unadondoka. Anamenya ndizi, anauma mara mbili, akimwona mwenzake ana embe anaitupa na kumkimbilia. Kunguru nao wanatua kugombania vipande vikubwa. Giza linapoingia kilichobaki ni kile ambacho hata mwenye kufagia hakioni: punje za wali kwenye nyasi, ganda lenye nyama chini ya michongoma, ukoko uliojibana kati ya mawe. Mnamo saa mbili panya anateremka kwa bomba la maji ya mvua. Huyu anahitaji kama gramu 15 tu za chakula kwa siku. Tonge moja la ugali linamtosha, na linabaki.

Ndiyo maana kesi hii haina mshtakiwa. Anayemlisha tumbili alishaingia ndani kuangalia taarifa ya habari, hajamwona panya akila. Anayetafuniwa nguo na gunia la mchele ni jirani wa nyumba ya tatu, na yeye hajui kama kuna mtu anaweka kiporo juu ya jiwe.

Abiria wanaotupa ndizi na biskuti dirishani basi linapopita Mikumi wako kwenye mkumbo huo huo. Lami inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na nyani wamekwishajifunza kukaa kandokando kungoja. Pale bili inalipwa na nyani wenyewe, wanaogongwa na malori.

Watu huniambia, fuga paka. Mwaka 2018 watafiti wa New York walichapisha walichokiona kwenye kituo cha taka cha Brooklyn chenye panya wengi. Kamera zilikesha kwa siku 79 huku paka wa mtaani wakiingia na kutoka. Panya waliouawa: wawili. Panya mkubwa anauma, na paka anayetupiwa vichwa vya samaki na mama ntilie kila mchana hana sababu ya kutafuta ugomvi usiku.

Sumu je? Wale vijana wa spika begani, "dawa ya panya, mende, kunguni", wanauza kitu kinachoua kweli. Ubishi wangu si huo. Ukiua nusu ya panya na meza ikabaki imeandaliwa, nusu iliyobaki inakula kwa nafasi, na panya jike hubeba mimba wiki tatu tu. Wakati huo paka na bundi wanaokula panya wenye sumu nao wanaweza kufa.

Bundi ananikumbusha utafiti mmoja uliofanyika kwenye mashamba ya mahindi hapa Morogoro. Vipande vingine vya shamba vilifunikwa nyavu ili wanyama na ndege wanaowinda panya wasiingie. Vingine vikawekewa miti ya kutua na masanduku ya bundi kutagia. Pale panya walipokuwa huru kuhama kutoka shamba hadi shamba, kazi ya wawindaji haikuonekana kwenye idadi yao. Pengo lilizibwa na wageni. Yule alikuwa panya shamba, lakini sioni kwa nini wa darini asifanye vivyo hivyo: ukisafisha uwanja wako peke yako, jirani anakuletea wengine. (Bundi mwenyewe, anayekesha kazini bila posho, tunampiga mawe tukisema analeta uchuro.)

Hili si suala la nguo zilizotafunwa tu. Julai 2022 ugonjwa usioeleweka ulizuka Ruangwa, mkoani Lindi. Wagonjwa 20, watatu wakafa. Vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na kumpata mtu kupitia maji na tope. Sisi tunaoishi chini ya mlima unaoteremsha mito hadi mlangoni tungepaswa kuisikia habari ile kwa masikio mawili.

Najua Manispaa ina deni lake. Vizimba vya taka vya masokoni vikikaa bila kuzolewa vinalisha panya wengi kuliko tumbili wote wa Kilakala, na hilo nitaendelea kulipigia kelele. Lakini kizimba kina wa kuulizwa; kiporo cha juu ya jiwe hakina, na ndiyo sababu nataka kizungumzwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa lugha ya ujirani, kabla mtu hajafikiria faini. Tumbili wana Uluguru nzima nyuma yao. Kiporo wape kuku, asubuhi, kwenye chombo, wamalize. Na bakuli la paka liingie ndani kabla ya adhana ya magharibi.