AFYA YA NYUMBA: Usingizi wa Mama na Walinzi wa Damu

Mwezi huu twapenda kunena habari ya jambo ambalo huingia nyumbani bila kupiga hodi. Mama ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hashuki, na daktari asema hapana budi apasuliwe. Idhini yaombwa. Hapo mmoja wa jamaa hunong'ona: “Dawa ile ya usingizi huua nguvu ya damu. Hata akiamka, mwili wake hautaweza kupigana na ugonjwa.” Basi saa nzima hupita katika mashauri, na saa hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyobeba uhai wa watu wawili.

Neno hilo si uongo mtupu, wala si kweli nzima. Na tulipambanue.

Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha kabla ya kupasuliwa. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh aliwapa etha, na baadaye klorofomu, wanawake waliokuwa katika uchungu wa kuzaa. Wako waliodhani ni dhambi kumwondolea mwanamke uchungu uliotajwa katika kitabu cha Mwanzo. Simpson akawajibu kwa kijitabu mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akiwakumbusha kwamba Adamu naye alitiwa usingizi mzito kabla ya kutwaliwa ubavu wake. Baadaye likaja swali la mwili. Mwaka 1911 daktari Evarts Graham wa Marekani alitangaza kwamba etha hupunguza uwezo wa chembe nyeupe za damu kumeza vijidudu. Kwa hiyo hofu ya jamaa yule ina asili yake.

Yatupasa kwanza kuwajua walinzi hao. Chembe nyeupe za damu ni kama walinzi wa boma. Ziko zinazomeza vijidudu viingiapo jerahani. Ziko ambazo wataalamu huziita wauaji wa asili, nazo huangamiza chembe za mwili zilizoingiwa na virusi. Ziko tena zinazomkumbuka adui wa zamani na kumwandalia silaha.

Mwanamke achukuapo mimba, chembe zile zimezazo vijidudu huongezeka, na wakati wa uchungu huzidi tena. Lakini walinzi hubadili tabia pia. Mtoto amepata nusu ya asili yake kwa baba, kwa hiyo katika mwili wa mama yu kama mgeni. Mwaka 1953 Peter Medawar wa Uingereza aliuliza imekuwaje mgeni huyo asifukuzwe. Sehemu ya jibu ni kwamba baadhi ya walinzi hupunguza ukali wao. Hata wauaji wa asili, ambao hujaa katika utando wa mji wa mimba miezi ya kwanza, hawamshambulii mtoto. Kazi yao hapo ni kusaidia kupanua mishipa ipelekayo damu kwenye kondo. Basi mama mjamzito si mtu asiye na ulinzi; ulinzi wake umepangwa kwa namna nyingine.

Sasa dawa ya usingizi hufanya nini? Katika maabara imeonekana kwamba dawa zinazovutwa kwa pumzi, kama halothani na isoflurani, huzilegeza chembe zimezazo vijidudu, na hupunguza nguvu za wauaji wa asili. Lakini kulegea si kufa. Dawa itokapo mwilini, chembe hurudia kazi yake.

Tena dawa haisimami peke yake mbele ya mashtaka. Kisu chenyewe huutia mwili hofu, hata kama mama amelala na hajui lolote. Mwili hutoa kotisoli na adrenalini kwa wingi, nazo hutuliza walinzi wengi kwa muda. Uchungu wa muda mrefu, kupoteza damu nyingi, na baridi ya chumba cha upasuaji huongeza mzigo huo. Ndiyo maana ni vigumu kusema, “Hili ni la dawa, na hili ni la kisu.”

Iko njia nyingine, nayo ni sindano ya mgongo, ambayo August Bier wa Ujerumani aliitumia kwa upasuaji mwaka 1898. Mama hufa ganzi tangu kifuani kushuka chini, huku yu macho, naye aweza kumsikia mtoto wake akilia. Sindano hiyo huzuia habari za maumivu zisifike kichwani, kwa hiyo kotisoli na adrenalini hazipandi sana. Tena humwepusha mama na hatari iliyo kubwa kuliko kulegea kwa walinzi: chakula kutoka tumboni na kuingia mapafuni hali amelala, kama alivyoeleza Curtis Mendelson wa New York mwaka 1946. Kwa sababu hizo madaktari huichagua mara nyingi. Lakini damu ikimwagika sana, au damu ya mama ikiwa haigandi, au mtoto akiwa karibu kufa, huenda usingizi kamili ndio njia iliyo salama au ya haraka zaidi. Hapo kukataa usingizi ni kukataa uzima kwa kuogopa udhaifu wa siku chache.

Basi ninyi wenye nyumba, na ninyi waalimu mnaoulizwa mashauri, yashikeni haya. Zungumzeni habari ya upasuaji mapema, mimba ingali changa, wala msingoje usiku wa uchungu. Mwambieni daktari kweli yote: mama alikula saa ngapi, ana homa au hana, anatumia dawa gani, na kama yeye au ndugu yake wa damu alipata kudhurika kwa dawa ya usingizi. Ulizeni kama amepewa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kisu kugusa ngozi, kwani hiyo huwasaidia walinzi saa ile wanapolegea.

Akirudi nyumbani, ndipo kazi yenu yaanza. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Mpeni mama mayai, maharagwe, samaki na mboga za majani, wala msimnyime chakula kwa ajili ya miiko. Mwacheni alale, mtu mwingine ateke maji. Akipata homa, au kidonda kikivimba na kutoa usaha, au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, arudishwe hospitali siku ile ile.

Walinzi wa damu hurudi zamuni baada ya usingizi. Twawaomba ninyi wa nyumbani mkeshe kwa niaba yao mpaka watakaporudi.