Sauti Zisizonyamaza: Tusikimbilie Mashine, Tuulize Bajeti

Hapa Voi, kijana akianza kujibizana na watu wasioonekana, swali la kwanza huwa ni nani amemroga, au ni jini gani amempanda. Hospitali hufikiriwa mwisho, baada ya mbuzi kadhaa kuuzwa, na ugonjwa umeshaota mizizi.

Mimi ni Mwislamu na majini nayaamini. Lakini dini hiyo hiyo imetufundisha kutafuta matibabu. Kisomo hakizuii dawa.

Sauti hizo mara nyingi ni dalili ya skizofrenia. Wengi hupata nafuu kwa dawa za kawaida, ila takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hazimsaidii vya kutosha. Kwa ajili ya hao, wataalamu walijaribu sumaku. Mwaka 2000, Ralph Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 12. Koili iliwekwa kichwani upande wa kushoto, karibu na sikio, ikatoa mpigo mmoja kila sekunde ili kutuliza sehemu ya ubongo inayopokea maneno. Mgonjwa huwa macho wakati wote. Si ile shoti ya umeme tunayoisikia. Sauti zilipungua kuliko kwa matibabu ya kuigiza.

Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana. Mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona tofauti yoyote. Marekani iliruhusu tiba hii kwa ugonjwa wa sonona mwaka 2008, lakini kwa sauti za skizofrenia bado haijaipitisha. Kwa hiyo ukishauriwa kuuza shamba umpeleke mwanao ng'ambo kwa mashine hiyo, uliza kwanza: je, ameshajaribiwa klozapini?

Klozapini ndiyo dawa yenye ushahidi mzito zaidi pale dawa nyingine zinaposhindwa. Tatizo lake ni kwamba inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, hivyo mgonjwa hupimwa damu kila wiki katika miezi ya mwanzo. Kwa familia ya Kasigau au Taveta, nauli ya kila wiki kufika Voi si mchezo. Wengi wataacha dawa njiani, na sauti zitarudi.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imezitwika serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi na kuzitengea fedha. Kila mwaka kwenye vikao vya bajeti tunaomba barabara na maji, na ni haki yetu. Safari hii, iwe Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, tuulize pia: klozapini ipo? Damu itapimwa wapi, kwa shilingi ngapi? Nani atamfuata mgonjwa kijijini akikosa kuja?

Mwakilishi wadi asiyeulizwa hana sababu ya kujibu. Na mwenye kusikia sauti usiku kucha hatafika kikaoni kujisemea. Sisi jamaa zake ndio wa kwenda.