FAINI KUBWA HAIZUII KOSA, INAPANDISHA BEI YA KUMALIZANA

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama na wananchi wote wa Usinge*



Kwa siku kadhaa sasa kwenye makundi yetu kuna hoja kwamba bodaboda wamezidi, na kwamba dawa yao ni kurudisha faini ya shilingi 30,000 kwa kosa. Baadhi ya wanaosema hivyo ni wanachama wetu, tena wenye kadi za zamani. Tawi limewasikia. Tawi linakataa, na sababu zake ni hizi.

Tukumbushane kwanza. Hadi katikati ya 2021 bodaboda alitozwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, sawasawa na basi au lori. Bajeti ya 2021/22 ndiyo iliyoshusha faini ya pikipiki na bajaji hadi 10,000. Anayesema ile 30,000 iliwatisha vijana atujibu: mwaka 2019 hapa Usinge hakukuwa na mishikaki? Wote walivaa kofia ngumu? Tulikuwepo, tusidanganyane. Kilichokuwepo ni pikipiki kutelekezwa vituoni, maana mwenye makosa matatu alidaiwa 90,000 na hana pa kuitoa.

Chukua kijana anayepeleka kwa tajiri hesabu ya 7,000 kwa siku. Kwake 30,000 ni zaidi ya hesabu ya siku nne. Hana. Na asiyenayo hatubu, anaomba mazungumzo: "Afande, nisaidie." Faini ikiwa 30,000, elfu tano ya mkononi inaonekana ni huruma. Faini ikiwa 10,000, angalau ana sababu ya kulipa na kudai risiti. Serikali haipati kitu kwenye zile elfu tano, kijana hajifunzi kitu, na kesho anapita palepale akiwa ameshaijua bei.

Upande wa pili yupo mwenye basi la abiria zaidi ya 50. Kwake 30,000 inarudishwa na viti viwili. Finland wanakata faini ya mwendo kasi kwa kuangalia kipato cha mtu, tajiri akalipa kitajiri. Sisi tunataka kumkamua wa pikipiki kisha tunaita hiyo nidhamu.

Halafu kuna jambo ambalo waliopendekeza wamelikwepa. Mama ameshikwa na uchungu saa nane usiku, mvua za masika, kijiji kiko ndani huko mashambani ya tumbaku. Gari la wagonjwa halipo. Anapandishwa pikipiki, na mama mkwe anakaa nyuma kumshikilia asianguke. Kisheria hiyo ni mishikaki. Je, faini ya 30,000 ingemfanya yule mama asubiri hadi asubuhi? Ya 100,000 je? Hakuna faini inayoshinda uchungu wa kuzaa. Anayetaka kuiondoa mishikaki hiyo alete gari la wagonjwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi za wenzetu faini kubwa imesaidia. Tuwaangalie majirani. Desemba 2012 Kenya ilianza kutumia marekebisho ya sheria ya trafiki yaliyopandisha adhabu hadi matatu wakagoma. Wakati ule waliokuwa wakifa barabarani Kenya walikuwa karibu 3,000 kwa mwaka. Kuanzia 2021 hadi 2024, kila mwaka wamepita 4,000. Ni kweli pikipiki na magari yameongezeka sana, hatusemi faini ndiyo iliyoua. Tunasema haikuzuia. Kenya hiyohiyo, Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu isiyo na mikanda na kidhibiti mwendo haikuruhusiwa barabarani. Vifo vikapungua kwa muda, hadi usimamizi ulipolegea. Kilichofanya kazi ni kila mtu kujua kwamba *hapiti*.

Hata hapa kwetu mnalijua hilo. Dereva wa basi kubwa leo anaogopa kuzidi kilomita 80 kwa saa kuliko zamani kwa sababu LATRA wana kifaa ndani ya basi kinachotoa taarifa ya mwendo wake njia nzima, si pale tu alipo trafiki. Wapo waliokichezea, na wapo walioadhibiwa kwa kukichezea. Lakini mnaopanda mabasi mnaiona tofauti.

Kwa hiyo msimamo wa Tawi ni huu. Faini ya bodaboda ibaki 10,000, ilipwe kwenye mfumo, na kila atakayelipa adai risiti. Mafunzo na majaribio ya leseni yaletwe hapa kwenye kata, hata kwa wiki moja tu kila mwaka. Ada ya leseni wengi wangeilipa kama wasingepoteza siku za kazi na nauli kuifuata. Alama za kilomita 50 ziwekwe penye shule na gulio, na ziwe na mtu wa kuzisimamia.

Na nyinyi vijana wetu wa vijiweni, msishangilie mapema. Mchana kweupe, abiria watatu kwenda kwenye gulio, hakuna anayejifungua hapo. Mnabeba watoto wa shule wanne wanne, helmeti imening'inizwa kwenye usukani kama kikapu. Tawi halitamtetea mtu wa namna hiyo, awe na kadi au asiwe nayo.

Kikao cha Tawi na viongozi wa vijiwe vyote ni Jumapili hii saa kumi jioni, ofisi ya Tawi. Tunaandika barua ya maombi ya mafunzo kwenda wilayani, na tunahitaji majina. Mwenye leseni aje nayo. Asiye nayo aje pia, hatukamati mtu.

_Imetolewa na Uenezi, Tawi la Usinge. Wasambazie na wasio kwenye kundi._